Goti Lililopigwa Ugenini

Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kwanza Maswa, baadaye Meatu, na mwisho hapa Bariadi, ambako nilistaafu na kujenga. Kazi hiyo ilinizoeza jambo moja. Mtu akisimama mbele yangu na kusema "nimesikia," nilimuuliza amesikia kwa nani. Akimtaja huyo mtu, niliagiza aletwe. Na huyo naye akisema kasikia kwa mwingine, niliwarudisha wote wawili makwao. Ng'ombe wengi wa mkoa huu wamepotea mara mbili, mara ya kwanza kwa wezi, mara ya pili kwa mashahidi waliosikia. Mke wangu husema kwamba nilistaafu mimi peke yangu, mahakama haikustaafu.

Habari ninayoiandika ni ya mjukuu wetu, mchezaji wa kiungo katika timu ya taifa ya wanawake. Naiandika ingawa bado sijaielewa sawasawa, na huenda nikifika mwisho nitakuwa sijaielewa pia.

Ni mtoto wa binti yetu aliyeolewa kwa wafugaji ng'ambo ya Mwanhuzi, mahali ambapo shule ilikuwa mbali na ng'ombe walikuwa karibu. Aliletwa kwetu akiwa mdogo ili asome. Alisoma, sikatai; lakini jioni alikuwa akirudi na udongo mweusi wa mbuga umegandia miguuni hadi magotini, na nilipouliza, nikaambiwa anacheza mpira na wavulana nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kuambiwa hakukunitosha. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda, nikatazama. Mtoto hakuwa akigusa mpira. Alikuwa akikimbia huku na huko, akinyoosha kidole, akiwakemea wavulana waliomzidi kimo, na wavulana walikuwa wakimtii. Nilirudi nikamwambia mke wangu kwamba mjukuu wake hachezi, anasimamia.

"Na wewe ulikuwa ukisimamia tu," akanijibu. "Mbona serikali ilikulipa?"

Habari kwamba ameitwa timu ya taifa ilinifikia kwa njia zote ninazozichukia: kwa dereva wa bodaboda, kwa fundi cherehani, kwa watu waliokuwa wakitoka kanisani. Niliwaambia wote kwamba nitaamini nikiiona jezi. Akaja nayo. Niliigeuza ndani na nje kama kielelezo cha mahakamani, nikamrudishia, nikamwambia asiache kusoma.

Tangu hapo akawa mtu wa safari. Alikwenda kusini, alikwenda magharibi, alikwenda visiwani, alikwenda kwenye nchi ambazo mimi nilizijua kwa ramani ya shule tu. Wenzake waliwaletea watu wao manukato na viatu. Mimi nilimwagiza kitu kimoja: gazeti la nchi aliyokwenda. Aliniletea magazeti ya Kiarabu, ya Kifaransa, ya Kireno. Sikuweza kuyasoma, lakini picha haihitaji mkalimani, na kila nilipopata picha ya mechi nilimtafuta. Nilimkuta, karibu mara zote, pembeni kabisa mwa picha. Mwenye mpira alikuwa mwingine, aliyeanguka alikuwa mwingine, anayeshangilia alikuwa mwingine. Mjukuu wangu alikuwa nyuma, mdogo, amenyoosha mkono kuonyesha kitu kisichoonekana. Watu wa Bariadi walinipongeza njiani kwa mjukuu hodari. Niliwashukuru, lakini moyoni nilikuwa najiuliza hodari wa nini. Wengine walisema timu haiwezi kucheza bila yeye. Wengine walisema anabebwa. Sikuwa na ushahidi wa kuunga mkono upande wowote, na hilo lilinisumbua kuliko nilivyoonyesha.

Jambo moja tu nililiona wazi na kulielewa, nalo halikuwa la mpira.

Kwetu Wasukuma, mtoto wa kike anapomsalimia mkubwa hupiga goti. Wageni hudhani ni utumwa. Si utumwa, ni njia ya kuutuliza mwili kidogo ili salamu ipite. Katika mechi moja iliyochezwa Dar es Salaam, mgeni rasmi alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi, akipita kuwashika mikono wachezaji waliojipanga mstari. Alipomfikia mjukuu wetu, mtoto alishuka goti moja, haraka, akainuka, ndipo akatoa mkono. Kamera ilimnasa. Habari hiyo ilizungumzwa Bariadi, Maswa, hata Ipililo kwa ndugu zangu, muda mrefu baada ya matokeo ya mechi kusahauliwa. Wazee wasiojua kiungo ni mtu gani uwanjani walinisimamisha njiani kunipa mkono. Nilimpigia simu nikamwambia kwamba ameiheshimu nyumba. Ninavyokumbuka, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsifu kwa jambo lililotokea uwanjani.

Tulikuwa tunaangalia mechi dukani kwa rafiki yangu mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Ujiji, muuza vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Televisheni yake ilitundikwa ukutani katikati ya makopo ya rangi, na sisi tulikaa juu ya mifuko ya saruji. Hapo ndipo tulipoitazama mechi ya marudiano iliyochezwa kaskazini mwa Afrika, jioni moja ya baridi huko kwao, wachezaji wakitoa mvuke midomoni. Sare ilikuwa inatutosha kufuzu fainali za Afrika. Duka lilijaa, wengi wao wakiwa watu wa pamba, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kugawa mbegu.

Kipindi cha pili mjukuu wangu aligongana na mchezaji wa wenyeji. Sikulitilia maanani, maana hugongana na watu siku zote. Mpira ulitoka nje, wenyeji wakaanza kubadilisha mchezaji. Mjukuu wangu alikuwa karibu na mstari wa pembeni, na mbele yake, kwenye viti, alikaa mzee mwenye nywele nyeupe aliyevaa koti jeusi, mkubwa fulani wa mchezo. Mtoto alisogea hatua chache upande wa yule mzee. Akashuka goti moja. Akaweka mikono juu ya paja, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, kisha akainuka, akarudi mahali pake. Mtangazaji wakati huo alikuwa akihangaika na jina la anayeingia.

Duka zima lilipiga makofi.

"Huyo kaumia, mheshimiwa," alisema mwenye duka, ambaye hajaacha kuniita hivyo.

"Nyamaza wewe mtu wa Kigoma," wakala mmoja wa pamba alimjibu kutoka nyuma. "Kwenu mnasalimiana kwa kupungiana mikono mkiwa mitumbwini."

Watu walicheka. Mwenye duka naye alicheka, lakini akashikilia neno lake.

"Kwetu mtu akianguka tunasema kaanguka."

"Hakuanguka," nikasema mimi. "Ameshuka."

Kwa kuwa mimi ndiye niliyesema, shauri likaishia hapo. Mechi ilikwisha sare, tukafuzu, watu wakatoka na pikipiki zao kupiga honi barabarani. Mjukuu wangu alinipigia simu usiku uleule kama desturi yake baada ya kila mechi. Nilimwambia kwamba nimeona kwa macho yangu jinsi alivyompigia goti yule mzee, ugenini, katikati ya mechi kubwa namna ile, na kwamba hata angepata mabao matatu nisingefurahi hivyo.

"Na wengine wameona, babu?" aliuliza.

"Wote. Walipiga makofi."

"Haya, babu. Ni vizuri."

Nilidhani ni unyenyekevu.

Hazikupita wiki nyingi, nikaenda sokoni kununua dagaa. Yupo mama mmoja wa Lamadi ambaye familia yake ni ya wavuvi. Huleta Bariadi mabeseni ya sato na magunia ya dagaa, na pamoja nayo huleta maneno ya barabara nzima. Nilikuwa nimezoea kununua samaki na kuyaacha maneno. Siku hiyo aliniuliza goti la mjukuu wangu linaendeleaje.

"Goti gani?"

"La kulia, babu. Nasikia anawekewa barafu kila jioni."

Nikamhoji kwa utaratibu. Alikuwa ameambiwa na shemeji yake aliyeko Dar es Salaam, muuza vitafunwa karibu na mahali timu inapopiga kambi. Shemeji naye aliambiwa na binti anayefua jezi.

"Huyo mfuaji umewahi kumwona?"

"Sijamwona."

"Shemeji yako ameliona hilo goti?"

"Hajaliona."

"Basi nipimie dagaa."

Alinipimia, akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza, akafunga mfuko polepole. "Hata samaki, babu," alisema, "tunamtega bila kumwona."

Niliondoka nikiwa nimeudhika, si kwa sababu ya maneno yake, bali kwa sababu watu wa foleni walicheka pamoja naye. Mimi nilikuwa na ushahidi wa macho. Yeye alikuwa na mfuaji.

Kisha mjukuu wetu alikuja likizo fupi kabla ya kuingia kambini kwa ajili ya fainali. Alifika alasiri kwa bodaboda kutoka stendi. Mimi nilikuwa barazani, nimejiandaa. Nilikuwa nimevaa shati safi. Alivuka geti, akaweka begi chini, akasimama mbele yangu.

"Mwadila, babu," alisema, wima, mkono kifuani, kichwa tu akikiinamisha.

Nilingoja. Ndege kwenye mpapai walisikika vizuri. Alikuwa amesimama vilevile.

Niliitikia "mwadila" nikitazama geti, nikaingia ndani. Mke wangu alimpokea kwa utani wa mabibi: "Karibu, mke mwenzangu, mume wetu leo kanuna, nani kamkorofisha kati yangu na wewe?" Nikasikia kiti kikiburutwa. Mimi nilikaa chumbani nikijaribu kuunganisha mambo mawili yasiyounganika. Mtoto aliyepiga goti mbele ya mgeni asiyemjua, mbele ya dunia, amesimama wima mbele yangu mimi niliyemlea. Kama aliacha adabu, mbona kaskazini alikuwa nayo? Kama anayo, mbona hakuja nayo nyumbani? Nilifikiri labda adabu ya kule ilikuwa ya kamera. Wazo hilo liliniuma kuliko kutosalimiwa.

Siku iliyofuata nilimchunguza. Sikuwa na njia nyingine. Sikutaka kumuuliza mtu. Kwenye ardhi tambarare alitembea vizuri. Alibeba ndoo ya maji kichwani vizuri. Lakini ngazi ya baraza, ambayo ni moja tu, aliishuka kiubavu, kama mtu anayetoa kabati mlangoni. Mke wangu alitandika mkeka ili wabangue karanga. Mjukuu alichukua kiti, akaunyoosha mguu. Jirani alikuja kumwona, mama wa makamo, na mjukuu alimsalimia akiwa wima, mkono kifuani. Jirani akanitazama mimi. Kabla ya jua kutua, maneno yalikuwa yamevuka ua na kurudi: mtoto wa hakimu amekuwa mkubwa, amepanda ndege, haoni tena watu. Kwa mara ya kwanza nyumba yangu ilikuwa ikishitakiwa kwa maneno ya kusikia, na mimi sikuwa na utetezi.

Nilimwambia mke wangu kwamba mtoto ameharibika.

"Wewe unamtazama adabu," akasema. "Mtazame mguu."

Asubuhi yake nilimwita barazani. Mke wangu alileta chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaketi upande wake, jambo ambalo halifanyi ninapoita mtu.

"Kule kaskazini ulimpigia goti mzee asiyekujua," nikamwambia. "Hapa umesimama. Nataka kuelewa. Sikukasirika."

"Umekasirika, babu."

"Basi nipe sababu ya kuacha."

Alizungusha kikombe mkononi. "Kule sikumsalimia mtu," alisema. "Goti lilitoka, likarudi. Sikuwa naona mbele. Huyo mzee mnayemsema sikumwona kabisa, nimemjua kwa simu yako."

Nakumbuka kwamba nilimtazama mke wangu, kana kwamba yeye ndiye angenieleza ni nini nimesikia. Alikuwa akivunja kipande cha mchembe ambacho tayari kilikuwa kidogo.

"Mbona hukuniambia nilipokusifu?"

"Ningesemaje, babu? Uliniambia umeona kwa macho yako." Akaweka kikombe chini. "Na ulikuwa umefurahi."

Nilimwomba anionyeshe. Sikumwamuru, lakini babu akiomba, mjukuu husikia amri. Aliinuka, akashika nguzo ya baraza, akaanza kushuka. Mguu wa kulia ulitetemeka kama mguu wa ndama wa siku ya kwanza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa bado ya baridi. Aliendelea kushuka. Nina hakika angefika chini kama nisingesema inatosha, na nina hakika pia kwamba nilichelewa kusema.

Ndipo alipotueleza yote. Daktari wa timu alikuwa ameambiwa ni mchubuko; barafu alikuwa akijiwekea mwenyewe. Kambi ilikuwa inaanza wiki inayofuata. Kwenye fainali wangekuja watu wa klabu moja ya nje, ambao walishamwangalia mara kadhaa, na sasa walitaka kumwona kwenye mashindano makubwa kabla ya kumsajili. Asipokwenda, nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na klabu ile itatazama wengine. Akienda, huenda goti likavumilia mechi chache. Huenda.

"Sema wewe, babu," alimaliza. "Ukisema niende, nitakwenda. Ukisema nisiende, nitawaambia babu kanikataza. Wanaojua kwetu wataelewa."

Nimeamua mashauri ya watu wazima waliolia mbele yangu, nikijua kila mara kinachogombewa. Asubuhi hiyo nilitambua kwamba natakiwa kutoa hukumu juu ya kitu ambacho sikuwahi kukielewa tangu siku ile nyuma ya kiwanda. Sikujua kinachopotea ni nini. Kwa hiyo nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miaka mingi nyuma.

"Unafanya nini pale katikati?"

Alidhani namtania. Alipoona sitanii, akajibu kwa makini, kama anavyojibu mwanafunzi mzuri.

"Natazama mpira unataka kupita wapi, nawahi kusimama pale."

"Ukishasimama?"

"Haupiti."

"Kwa hiyo hakuna kinachotokea."

"Ndiyo, babu. Nikifanya vizuri, hakuna kinachotokea."

Jibu hilo lilinichanganya zaidi. Mahakamani, jambo lisilotokea halina shahidi. Nani aje aape kwamba ameona bao ambalo halikufungwa? Na hata hivyo mtoto huyu alikuwa amevuka Afrika nzima kwa ajili ya kuzuia mambo yasitokee, na watu waliokuwa wakijua kazi hiyo walikuwa wakimwita tena na tena. Nilikumbuka picha zangu za magazeti, ule mkono ulionyooshwa kuelekea mahali patupu, na nikashindwa kusema kama nilikuwa nimeona kitu au sikuona.

"Sitoi uamuzi leo," nikasema. "Ushahidi haujakamilika. Kesho tunakwenda Mwanza hospitali."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, alicheka. "Umeahirisha, babu."

"Nimeahirisha."

Mwanza walimpiga picha ile ya ndani ya mwili. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliweka picha kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu: kano iliyoko katikati ya goti imechanika, akiichezea hivyo, siku moja goti lote litaachia, na hapo si suala la mpira tena, ni suala la kutembea. Nilivaa miwani, nikasogea. Niliona vivuli vyeusi na vyeupe, kama mawingu ya masika yanayokataa kunyesha. Kano sikuiona. Nilimwomba aonyeshe tena, akaonyesha tena, na sikuiona tena. Nikamshukuru, nikasema nimeelewa. Yaani niliamini nilichoambiwa.

Tulirudi kwa basi. Lilipofika Lamadi likasimama kuchukua abiria, na mjukuu wangu akashuka, akachechemea hadi nyuma ya wauza samaki wa kukaanga, akatoa simu. Nilimtazama kupitia dirishani. Aliongea, akasikiliza, akaongea. Wakati mmoja aliinua mkono ule wake na kuonyesha mbele, kama vile anayeongea naye alikuwa uwanjani. Kisha akasimama na simu imeshushwa, akiangalia upande wa ziwa, mpaka kondakta akagonga bati.

"Nimewaambia watu wa timu," alisema alipoketi.

"Nini?"

"Nilichokuwa nimewaficha."

Gari lilikuwa limeacha barabara ya ziwa, tumeshika ya Bariadi, nilipomuuliza kama alitaka nimkataze tangu mwanzo.

"Sijui, babu. Nilitaka tu alaumiwe mtu mwingine."

Sijui kama nilimsaidia kwa kunyamaza au nilimkimbia. Mke wangu ana jibu lake. Mimi bado nachunguza.

Alipasuliwa Dar es Salaam wakati fainali zikiendelea. Mechi ya kwanza niliiangalia kwenye mifuko ileile ya saruji. Nilikuwa nimejiambia nitafuata mpira kama watu wote, lakini macho yangu yalikwenda yenyewe hadi mbele kidogo ya mabeki wetu, upande wa kulia wa duara la katikati. Palikuwa na binti mwingine pale, mwenye mbio kuliko mjukuu wangu, aliyegusa mpira mara nyingi. Na mpira ulikuwa unapita. Ulipita kushoto kwake, ulipita kulia kwake, ulipita kama mbuzi wanaojua ua ulipobomoka. Mambo mengi sana yalikuwa yanatokea.

"Mbona leo wanapita tu hapo kati?" aliuliza yule wakala wa pamba.

Mwenye duka alinitazama mimi, nami nikatazama makopo ya rangi. Nilikuwa na jibu, lakini sikuwa na namna ya kulithibitisha mbele ya watu waliokaa juu ya saruji. Timu ilitolewa mapema. Watu wa klabu ile ya nje, kwa kadiri nijuavyo, hawajapiga simu.

Sasa mjukuu wetu yuko kwetu, anajiuguza. Asubuhi hukimbia taratibu kando ya mashamba ya pamba na kurudi na vumbi. Ananisalimia akiwa wima. Nimewaambia majirani kwamba katika nyumba yangu mtoto husalimia hivyo kwa idhini yangu. Wameitikia, na maneno hayajakoma. Nyuma ya nyumba, akiwa ameupa mlango wangu mgongo, hushika ukuta na kushuka goti la kulia, akainuka, akashuka tena, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi. Mimi husimama dirishani nyuma ya pazia. Hufika chini kabisa siku hizi. Usoni kwake siwezi kuona, kwa hiyo sijui kama bado linauma.

Inasemekana timu inaundwa upya na majina yatatoka karibuni. Dereva wa bodaboda amesema yumo. Fundi cherehani amesema hayumo, wameshamsahau. Mwenyewe hasemi kitu, na sijamuuliza, kwa kuwa nikimuuliza na jibu likawa hapana, nitakuwa nimemlazimisha kulitamka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni. Yule mama wa Lamadi alikuwa kwenye mabeseni yake.

"Dagaa, babu?"

"Sato."

Alichagua, akapima, akafunga. Nilipokea mfuko. Foleni ilikuwa nyuma yangu, nami nikabaki nimesimama.

"Kuna jambo, babu?"

"Shemeji yako," nikasema. "Yule wa Dar es Salaam, wa karibu na kambi. Hajambo?"

Hakucheka. Alijifuta mikono kwenye khanga, akageuza ndoo tupu juu chini, akaipangusa kwa kiganja.

"Kaa kwanza, babu," alisema. "Hajambo. Alipiga simu jana."

Nikakaa.